Mfupa wa nyumbu na walioketi ukumbini

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza kama mwandishi ana haki ya kuifanyia kichekesho migogoro ya jamii yake mwenyewe. Kwangu haki hiyo haina ubishi, wala sitaitetea kwa kirefu. Linaloniuma ni jambo lililo jirani yake: ni nani wanaoketi ukumbini wakati kichekesho hicho kinapochezwa.

Nazungumzia Mule Bone, tamthilia ambayo Zora Neale Hurston na Langston Hughes, waandishi weusi wa Marekani, waliiandika kwa pamoja mwaka 1930. Inatokea Eatonville, Florida, mji ambao watu weusi waliuanzisha rasmi mwaka 1887 wakajitawala wenyewe. Hurston alikulia humo, na baba yake, mhubiri wa Kibaptisti, aliwahi kuwa meya wake. Vijana wawili marafiki, Jim Weston wa Wamethodisti na Dave Carter wa Wabaptisti, wanamgombea msichana aitwaye Daisy, hadi Jim anamwangusha Dave kwa mfupa wa nyumbu (yule anayezaliwa na punda na farasi, si wa porini) aliyekufa zamani. Kesi inasikilizwa na meya Joe Clarke ndani ya kanisa la Wabaptisti, na kabla neno la kwanza la ushahidi halijatamkwa, mji wote umekwisha kugawanyika kwa madhehebu, kana kwamba ni makanisa yaliyopigana na si wale vijana.

Nilisikia kitendo cha pili cha tamthilia, chenye kesi hiyo, kikisomwa kwa sauti katika ukumbi wa kanisa moja la watu weusi hapa Marekani ninakoishi. Hapakuwa na mavazi ya jukwaani wala mapambo. Wasomaji walikuwa waumini wa kawaida walioshika karatasi, na waliokuja kusikiliza walikuwa Wabaptisti wenyeji pamoja na majirani zao Wamethodisti. Wanawake wa kwenye tamthilia walipoanza kurushiana maneno kabla ya kesi, wanawake waliokuwa vitini wakaanza kuwajibia, kila upande ukiwapigia makofi wa kwao. Kisha ikafika hoja ya mchungaji wa Wamethodisti, kwamba Jim hakutenda kosa kwa sababu sheria haiutambui mfupa wa nyumbu kuwa silaha, na mzee wa Wabaptisti akamjibu kwa Biblia: Samsoni aliua Wafilisti kwa taya la punda, nyumbu ni mtoto wa punda, na kwa kuwa nyumbu huzidi kuwa hatari kadiri unavyoelekea nyuma, mfupa wa mguu wake wa nyuma ni sumu tupu. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alifungua Waamuzi 15 akasoma kwa sauti kwamba waliouawa walikuwa 1,000, na msomaji ikambidi asubiri amalize. Sijapata kuona hadhira inayoielewa tamthilia kwa undani kiasi hicho. Walikuwa wakijicheka, na walijua hivyo, na hakuna aliyepungukiwa na heshima.

Hapo ndipo bibi mmoja aliposimama. Alikuwa amecheka kuliko sisi sote. Alimwelekea kijana aliyekuwa akirekodi kwa simu, akamuuliza, "Mwanangu, hiyo picha unampelekea nani?" Kijana akasema ataiweka mtandaoni ili watu waone. Bibi akamjibu kwamba watu anaowataja hawakuwahi kuketi kwenye kibaraza cha kanisa hata mara moja, na kwamba wao wataona watu weusi wakipigana kwa ajili ya mfupa, basi. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko kitendo chenyewe. Mwishowe kijana akaizima simu, na usomaji ukaendelea hadi Jim alipohukumiwa kuondoka mjini kwa miaka 2.

Nilipoanza kuandika jibu hili niliamini kwamba bibi yule alikuwa mwoga. Sasa siamini hivyo. Hurston na Hughes waligombana juu ya kazi hiyo mwaka 1931, wakafariki, Hurston mwaka 1960 na Hughes mwaka 1967, bila kuiona ikichezwa. Na ilipokaribia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, ambako iliigizwa Februari 1991, wasomi na wasanii weusi walijadiliana kwa uchungu kama lugha ile ya watu weusi wanapopiga soga barazani, mbele ya watazamaji mchanganyiko, isingefufua yale maonyesho ya kale ambamo wazungu walijipaka masizi usoni ili kuwadhihaki watu weusi. Waandishi walikusudia kinyume chake kabisa, lakini kusudi la mwandishi haliingii ukumbini pamoja na kila aliyekata tiketi.

Kwa hiyo nasema mwandishi aandike bila kuomba ruhusa, na jamii inayochekwa iwe ya kwanza kuona, na neno lake lisikilizwe kuhusu mahali na namna ya kuonyesha, ingawa isipewe uwezo wa kufuta hata mstari mmoja. Natambua kwamba hilo la kuisikiliza jamii linaipunguza ile haki niliyosema haina ubishi. Vilevile bibi yule hakusikia kitendo cha tatu, kwani usomaji uliishia kwenye hukumu. Humo Daisy anamtaka atakayemwoa akafanye kazi kwa wazungu wanaomwajiri yeye. Jim na Dave wote wawili wanakataa, wanamwacha, na wanarudi mjini pamoja. Ningependa asomewe sehemu hiyo kabla hatujahesabu kura yake.