Usisubiri Upungue Ndipo Udai Mshahara

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya uhasibu nikiwa mnene, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuomba nyongeza ya mshahara. Nilijiambia kwamba ningeomba nikishapungua kidogo, nikiweza kupanda ngazi hadi kwa mkuu wangu bila kufika nikihema. Siku nilipokabidhiwa orodha ya malipo niihakiki, nilikuta kwamba mwenzangu tulioajiriwa naye mwezi mmoja, mwenye cheti kama changu, alikuwa akinizidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Siwezi kuapa kwamba unene ndio uliosababisha, lakini tangu siku hiyo nilianza kusoma kuhusu unene na mshahara.

Mwaka 2004 mchumi John Cawley alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa Marekani. Miongoni mwa wanawake weupe, tofauti ya uzito ya takriban kilo 29 iliambatana na mshahara ulio chini kwa asilimia 9, pengo alilolilinganisha na mwaka mmoja na nusu wa masomo au miaka mitatu ya uzoefu wa kazi. Kwa kuwa kipato kidogo nacho kinaweza kumnenepesha mtu, alitumia pia uzito wa ndugu wa wahusika ili kutenganisha chanzo na matokeo. Timothy Judge na Daniel Cable, katika utafiti wao wa 2011, waliona kwamba mshahara wa wanaume ulipanda pamoja na uzito mpaka walipofikia unene uliopitiliza, ilhali wanawake walipoteza tangu kilo za mwanzo, na aliyeumia zaidi ni yule mwembamba sana aliyeongezeka kidogo tu. Kwa hiyo anayedhani kwamba jambo hili ni la afya peke yake aeleze kwa nini mizani inampima mwanamume vingine.

Sababu ziko kadhaa. Ipo dhana kwamba mnene ni mvivu, na zipo kazi za kukutana na wateja ambazo mwajiri huzitolea maamuzi kwa macho. Nchini Marekani, ambako waajiri wengi hulipia bima ya afya ya wafanyakazi, wapo wachumi walioona kwamba pengo hilo hujitokeza hasa penye bima hiyo, kana kwamba gharama ya matibabu inakatwa kimyakimya kwenye mshahara wa mnene. Mimi naongeza sababu ya nne, inayoniuma kuitaja: tunajipunguzia wenyewe, kwa kutaja kiwango kidogo kabla hatujaulizwa.

Sheria usiitegemee sana. Jimbo la Michigan, Marekani, limekataza ubaguzi wa uzito kazini tangu 1976, na jiji la New York lilifuata mwaka 2023, lakini sehemu nyingi sheria haiutaji uzito kabisa. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba unene unaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu iwapo unamzuia mtu kufanya kazi kwa muda mrefu, kauli ambayo haimsaidii mnene anayeifanya kazi yake vizuri.

Kilichonisaidia mimi ni karatasi. Kabla ya usaili wowote, uliza ngazi ya mshahara ya nafasi hiyo, kisha taja kiwango chako kwa maandishi kabla hujaonana na mtu ana kwa ana, kwa sababu tarakimu iliyokwisha kuandikwa ni vigumu kuishusha kwa sababu ya umbo. Ukiwa kazini, weka kumbukumbu ya kila mwezi ya ulichokamilisha, pamoja na kosa uliloligundua na fedha uliyoiokoa. Ukiambiwa habari za mwonekano, omba kwa upole uoneshwe ni sharti gani la kazi linalohusika. Na anayekupa ushauri wa kupungua katikati ya mazungumzo ya malipo, mshukuru, kisha mrudishe kwenye malipo.

Barua yangu ya kudai nyongeza ilikuwa na kurasa mbili, na niliiandika nikiwa na uzito uleule. Nilipewa zaidi kidogo ya nusu ya nilichodai. Miezi minne baadaye niliandika nyingine kudai kilichobaki.