Supu Nzito ya Kuku Isiyo na Unga, na Taabu ya Kuiandika

Nilipoandika mapishi ya supu hii kwa mara ya kwanza niliyabana katika mistari tisa, nikajisifu kwa ufupi wake, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimepokea malalamiko mawili yanayopingana. Msomaji wa Kigamboni aliniambia kwamba nyama yake iliachana na mifupa ikageuka nyuzi. Msomaji wa Makete akaniambia kwamba kuku wake aligoma kuiva hata baada ya muda nilioutaja kupita mara mbili. Wote wawili walikuwa wamefuata neno langu bila kulipunguza wala kuliongeza: chemsha kuku kwa dakika 50.

Kosa lilikuwa langu, tena lilikuwa la aina mbili. Kwanza, sikutaja ni kuku gani, kwa sababu nyumbani kwangu hapa Mbeya ukisema kuku bila kuongeza neno basi umemaanisha wa kienyeji, ilhali yule wa Kigamboni alikuwa na broila wa wiki chache ambaye dakika 30 zinamtosha kabisa. Pili, nilisahau kwamba jiji letu liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na Makete watu wanaishi juu zaidi ya hapo. Sufuria hutokota kwa kelele zilezile za Dar es Salaam, lakini joto lililomo ni pungufu, na kuongeza moto hakusaidii kitu isipokuwa kumaliza gesi. Tangu siku hiyo siandiki dakika peke yake. Ninaandika dalili kwanza: choma paja kwa uma mahali penye nyama nene, karibu na kiungo, na uma ukizama bila kusukumwa huku nyama ikiwa imejivuta kutoka ncha ya mfupa, kuku ameiva. Baada ya hapo ndipo ninaongeza makadirio, kwamba kwenye jiko langu tetea wa kienyeji huchukua saa moja na nusu, na akiwa mzee hufika saa mbili, wakati broila humaliza ndani ya dakika 35 au 40.

Supu yenyewe ilizaliwa kwa haja na si kwa ubunifu. Mume wangu ana kisukari cha aina ya pili, na alipoambiwa kliniki apunguze vyakula vya wanga, tulirudi nyumbani tukatazamana, kwa maana tunaishi katika nyanda zinazolisha nchi mahindi, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu na viazi mviringo vya kila kilima, na kumwambia mtu wa huku apunguze wanga ni sawa na kumwambia apunguze sahani. (Nilitangulize hili kwa mwenye hali kama yake: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadilishe chakula chake ghafla kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wake, kwa sababu wanga ukipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.) Alichokilalamikia mume wangu zaidi ya ugali ni ile supu nzito ya jioni za Juni na Julai, wakati baridi ya hapa inapokulazimisha kukaa jikoni. Supu hiyo nilikuwa ninaiongezea uzito kwa viazi vilivyopondwa na vijiko viwili vya unga wa ngano.

Kwa hiyo swali halikuwa kuku, maana nyama ya kuku haina wanga wa kuhesabika. Swali lilikuwa uzito utatoka wapi. Nilijaribu parachichi, ambalo huku halihitaji kutafutwa, nikagundua kwamba likichemka huwa chungu, hivyo linafaa tu kukatwa vipande na kuwekwa juu ya bakuli wakati wa kula. Nikajaribu tui la nazi, likapendeza, lakini nazi hutusafiria kutoka pwani na bei yake inaonyesha hivyo. Mwishowe nilitua kwenye koliflawa. Nusu kilo ya viazi mviringo ina takribani gramu 85 za wanga, na nusu kilo ya koliflawa ina gramu 25 hivi, nayo ikiiva na kusagwa hutoa rojo jeupe laini ambalo mtu asiyeambiwa atasema ni viazi. Muuza mboga wangu pale soko la Mwanjelwa, ambaye alizoea kuniuzia viazi kwa sado, aliniuliza kama nimefungua hoteli ya wageni. Chagua koliflawa iliyofunga vizuri, yenye majani mabichi na isiyo na madoa ya kahawia. Ile iliyoanza kufumuka ina harufu ya kabichi iliyolala, na harufu hiyo haifichiki ndani ya supu.

Ulaini wa maziwa ndio ulionitesa zaidi. Mara ya kwanza nilimimina mtindi moja kwa moja kwenye supu inayotokota, kisha nikakamulia ndimu, na mbele ya macho yangu supu ikakatika ikawa maji ya kijani yenye vibonge vyeupe vinavyoelea. Nilijifunza baadaye kwamba protini ya maziwa hushikana na kuganda inapokutana na joto kali pamoja na uchachu, na kwamba mafuta mengi ndiyo huikinga, na ndiyo maana krimu nzito huvumilia pale ambapo mtindi na maziwa ya kawaida hushindwa. Krimu ya dukani ni ghali, lakini huku kwetu maziwa ya ng'ombe hayana shida. Nachemsha lita tatu jioni, naziacha zipoe polepole bila kuzikoroga, na usiku wa baridi unafanya kazi iliyobaki, kwani mafuta ni mepesi kuliko maji na hupanda juu yenyewe. Asubuhi naengua malai kwa kijiko kipana, na ninapata mililita 150 hivi. Maziwa yanayobaki ni ya chai ya watoto.

Sasa mapishi yenyewe. Kuku mmoja wa kilo moja na robo namkata vipande, namweka kwenye lita mbili za maji baridi pamoja na kitunguu maji kimoja, punje tano za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha naengua povu linapopanda na kupunguza moto hadi supu iwe inapumua tu badala ya kuruka. Akiiva namtoa, nachambua nyama na kutupa mifupa. Katika ile supu naweka nusu kilo ya koliflawa iliyokatwa, naipika mpaka shina lake liweze kupondwa kwa mgongo wa kijiko, kisha nasaga kila kilichomo, pamoja na kitunguu na saumu. Nyama inarudi ndani, moto unakuwa mdogo kabisa. Pembeni nakoroga malai na viini viwili vya mayai, namiminia upawa mmoja wa supu ya moto polepole huku nikikoroga, halafu upawa wa pili, ili viini vizoee joto badala ya kushtuka na kuwa mayai ya kukaanga. Mchanganyiko huo ndio unaoingia sufuriani, na tangu hapo supu haitokoti tena. Ikianza kukishika kijiko, yaani ukipitisha kidole mgongoni mwa kijiko na njia ikabaki wazi, nazima jiko. Pilipili manga, giligilani, na ndimu iwekwe mezani kwa kila mtu kujikamulia. Inatosha watu sita, na kwa hesabu yangu kila bakuli lina gramu saba au nane za wanga.

Kuhusu blenda, nina onyo ambalo liliandikwa kwenye dari ya jiko langu. Nilijaza jagi hadi juu kwa supu iliyotoka motoni, nikafunga kifuniko kikakaza, nikabonyeza, na mvuke ukakirusha kifuniko pamoja na robo ya supu. Namshukuru Mungu mikono pekee ndiyo iliyoungua. Acha supu ipoe kidogo, usipite nusu ya jagi, toa kile kizibo kidogo cha katikati na ufunike tundu kwa kitambaa kilichokunjwa, ili mvuke upate pa kutokea. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo wapishi wenzangu hawatashangaa kulisikia, koliflawa iliyoiva vizuri inapondeka kwa mwiko na kupitishwa kwenye chujio. Itakuwa na chembechembe, lakini ladha ni ileile.

Watu huniandikia wakisema, dada, punguza maelezo, tupe vipimo. Ninawaelewa, kwa kuwa hata mimi nikiwa na njaa sitaki hadithi. Lakini kipimo kinachoitwa kikombe kimenipotezea marafiki. Kikombe cha chai cha kwangu kinabeba mililita 200, wakati kikombe cha bati cha mama mkwe wangu nilikipima siku moja kikakaribia nusu lita, na yeye alipofuata mapishi yangu ya "vikombe vitatu vya maji" alipata bahari. Kama unaandika mapishi, andika kwa mililita na gramu, kisha mweleze msomaji kwamba chupa ya maji ya nusu lita aliyoimaliza jana ni kipimo kizuri kuliko vikombe vyote kabatini. Kuku naye sokoni huuzwa kwa kichwa, si kwa kilo, hivyo mtu akinunua jogoo mkubwa aambiwe maji yafunike nyama kwa unene wa vidole viwili na asihangaike na lita zangu.

Kisha kuna picha. Supu nyeupe ndani ya bakuli jeupe, asubuhi ya ukungu, haionekani kuwa chakula, inaonekana kama rangi ya ukutani. Inabidi bakuli liwe la rangi ya udongo au bluu iliyokolea, vipande vichache vya nyama viachwe juu visizame, giligilani ikatwe dakika hiyohiyo, na yote yafanyike karibu na dirisha, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, kabla ya jua kuwa kali na kabla supu haijafunga utando. Maana yake ni kwamba supu ya jioni ninaipika asubuhi. Mvuke unaopendeza kwa macho huziba kioo cha simu, na ukisubiri uishe, utando umeshafika. Nimewahi kupiga picha 60 nikapata moja, huku binti yangu amesimama na kijiko mkononi akiuliza, "Mama, leo tunakula au tunaangalia?" Siku hizi natenga bakuli moja la picha, wengine wanakula mara moja, na mwenye bakuli la picha ni mimi, ninayekula supu ya baridi.

Maswali ya kubadilisha viungo yanachosha kwa namna yake. Kila mara nikitaja supu isiyo na unga, atatokea mtu kuuliza kama anaweza kuweka unga. Anaweza, na itakuwa supu tamu, ila kila kijiko cha chakula cha unga wa ngano kinaongeza gramu sita za wanga na itakuwa si supu niliyoiandika. Hapo mwanzo nilikuwa nawajibu kwa ukali. Baadaye nilielewa kwamba wengi wao hawana koliflawa, na wanaona aibu kusema hivyo, kwa hiyo sasa naandika mbadala kabla sijaulizwa: vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa, bila sukari, vikikorogwa na supu ya moto kwanza. Karanga zinakaza supu vizuri, zina wanga mdogo, na zinapatikana kila gulio kuanzia Uyole hadi Makambako. Rangi inakuwa ya kahawia na supu inakuwa na tabia nyingine, ambayo mume wangu anaipenda kuliko ile ya asili, jambo lililoniuma kidogo baada ya kuhangaika na malai kwa mwezi mzima.

Wazo la karanga si langu, ni la mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka Rungwe, nikamwandalia supu nyeupe kwa heshima zote, pamoja na parachichi na mboga za majani, nikakaa pembeni kusubiri. Alikula polepole hadi akamaliza, akafuta bakuli kwa kijiko, akaniambia, "Mama Neema, uji wako wa kuku ni mtamu sana, mwanangu, ila kwetu tungetia karanga." Nikamshukuru. Akaliweka bakuli mezani, akageuka kuelekea jikoni na kuuliza kama ugali bado unaiva.