Bafu kila chumba? Hesabu watu na maji kwanza

Karibu kila ramani ya nyumba ninayoonyeshwa siku hizi na ndugu au jirani anayetaka kujenga ina vyumba vinne vya kulala na vyoo vitano. Kila chumba kina bafu na choo chake, halafu kuna choo cha wageni chini ya ngazi. Mabango ya nyumba zinazouzwa kandokando ya Barabara ya Kangundo na ya Mombasa yanaimba hayo hayo: vyumba vyote ensuiti. Mimi nasema familia nyingi za Nairobi hazihitaji hivyo, na pesa zinazozikwa kwenye mabomba na vigae vya mabafu hayo zingewapa raha zaidi zikiwekwa kwingine. Bafu la chumbani lina watu wake. Wajue watu hao kabla hujamlipa mchoraji.

Nimeishi kila namna. Nimelelewa Kayole, kwenye ploti ambayo wapangaji wote wa ghorofa yetu tulitumia bafu moja na choo kimoja mwisho wa korido. Baada ya kuolewa tulipanga nyumba ya ghorofa Syokimau, kila chumba kikiwa na bafu lake. Sasa tuko Ruai kwenye nyumba yetu wenyewe: vyumba vinne, viwili tu vina bafu ndani, na watoto wana bafu lao la pamoja. Hii ya sasa ndiyo inayotutosha, na sababu ya kwanza ni maji.

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Hata mwaka ambao bwawa limejaa, mgao haukomi, kwa kuwa jiji limekua kuliko maji yanayolifikia. Mitaa mingi hupata maji siku chache tu za wiki, na sisi wa pembezoni tunategemea visima na bauza, yale malori yanayouza maji. Choo cha kizamani kikivutwa mara moja huondoka na lita 9 au zaidi. Shawa humwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika, wakati mtu akioga kwa ndoo huridhika na lita 15 au 20 kwa kuoga kote. Watu wakiwa na bafu chumbani hawaogi kwa ndoo, wala hakuna anayegonga mlango kumwambia mwenzake aharakishe.

Kule Syokimau, tangi lilipokauka, hatukupanda ngazi na mitungi kuhudumia mabafu yote ya juu. Tulifunga milango yake, familia nzima tukawa tunatumia choo kimoja cha chini kilichokuwa karibu na mitungi ya jikoni. Majirani zetu walifanya vivyo hivyo. Nyumba yenye vyoo vinne ikawa ya choo kimoja, na ilikuwa hivyo mara nyingi sana. Kwa hiyo mtu akiniuliza aongeze bafu la nne au anunue tangi la pili la lita 10,000, namjibu bila kusita kwamba anunue tangi, tena alijengee mnara imara ili maji yashuke kwa nguvu hata umeme ukipotea.

Bafu lisilotumika nalo lina adha yake, na hii watu wengi hawaijui hadi wahamie. Chini ya sinki, chini ya tundu la sakafu na ndani ya choo chenyewe, bomba limepindwa ili maji kidogo yabaki pale, kina cha sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu ya maji taka na mende wasipande ndani. Chumba cha wageni kikikaa wiki kadhaa bila mtu, hasa miezi ya Januari na Februari yenye jua kali, maji yale hukauka. Utanusa chumba kizima kikinuka na utafikiri bomba limepasuka, kumbe kilichokosekana ni maji kidogo. Ukishajenga bafu la wageni, mwaga nusu ndoo sakafuni kila wiki, na uvute choo hata kama hakuna aliyekitumia.

Sasa nafasi. Bafu dogo la chumbani, lenye choo, sinki na mahali pa kuogea, huchukua kama mita 1.5 kwa 2.4. Hizo ni mita za mraba 3.6. Mabafu matatu ya namna hiyo ni mita za mraba 10.8, yaani chumba kizima cha mita 3 kwa 3.6. Kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia unaweza usiumie sana. Kwenye ile ya arobaini kwa themanini umewanyima watoto mahali pa kusomea, au umebana vyumba hadi kitanda kinagusa kabati. Nimeingia nyumba mpya ambazo bafu linameremeta lakini mlango wa chumba haufunguki wote kwa sababu kitanda kiko nyuma yake.

Halafu kuna yanayotoka. Wanaojenga Ruai, Syokimau, Kitengela na sehemu kubwa ya Embakasi wanajenga juu ya udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huu hufyonza maji polepole mno, si kama ule mwekundu wa Ruaka na Kikuyu. Shimo la kufyonzea maji taka ambalo Kikuyu lingetumika kwa miaka, huku kwetu hujaa upesi, na msimu wa masika wengine huita gari la kunyonya maji taka mara kwa mara. Mabwawa makubwa ya kusafishia maji taka ya jiji yako hapa hapa Ruai, lakini bomba halijafika mtaani kwetu, na mitaa mingine mingi ya pembezoni iko vivyo hivyo. Kila choo unachoongeza, jiulize maji yake yataenda wapi. Udongo huo huo husukuma mabomba yaliyozikwa yakaachana kwenye viungo, kwa hiyo mabomba machache yaliyokaa sehemu moja ni afadhali kuliko mengi yaliyotawanyika pande nne za nyumba.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Ni asubuhi. Basi la shule linapita kabla jua halijachomoza, baba anataka kuiwahi foleni ya magari, na watu watatu wamesimama koridoni na taulo mabegani. Hapo ndipo watu huapa kwamba wakijenga, kila mtu atakuwa na bafu lake. Lakini ukitazama vizuri, kinachochelewesha ni choo na shawa kuwa nyuma ya mlango mmoja. Anayepiga mswaki amemfungia anayetaka kuoga, na anayeoga amemfungia aliyebanwa. Sisi tulitenganisha. Choo kina mlango wake, bafu lina mlango wake, na sinki liko nje, kwenye kona ya korido, na kioo juu yake. Watu watatu wanajiandaa kwa wakati mmoja. Choo chenyewe ni sentimita 90 kwa mita 1.5, bafu ni mita 1.2 kwa 1.5. Jumla ni mita za mraba 3.15, pungufu ya bafu moja la chumbani, na tunahudumia watoto wote. Hakikisha tu choo kina dirisha la nje, si kitundu kinachotazama korido.

Mabinti wakibalehe watataka faragha, na wana haki nayo. Kufuli la uhakika, ndoano za kutosha za nguo, pipa lenye kifuniko na kabati dogo la kila mmoja vinawatosha. Binti zetu hawajalalamika kuhusu bafu. Wanagombania kioo, na kioo cha pili hakina gharama.

Basi bafu la chumbani ni la nani? La kwanza ni la mzee. Mama yangu ana kisukari na magoti yanamsumbua, na usiku huamka zaidi ya mara moja. Kumtembeza koridoni gizani, au kumshusha ngazi, ni kumtafutia kuvunjika nyonga. Chumba chake kiko chini na bafu liko hatua chache kutoka kitandani. Mlango una upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite siku kikihitajika, na unafunguka kwa nje ili akianguka ndani asiuzuie. Kuna vyuma vya kushikilia kando ya choo na vigae visivyoteleza. Hata kama wazazi wako bado wana nguvu, jenga chumba hiki. Atakihitaji mtu: mama aliyejifungua kwa upasuaji, mtoto aliyevunjika mguu, au wewe mwenyewe.

Chumba hicho kinaokoa pia heshima. Kwetu magharibi mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kuepukana. Zamani mama hata asingelala kwa binti yake. Sasa kliniki zake ziko mjini na hana budi kulala kwetu, lakini kupita koridoni na leso ya kuogea mbele ya mume wangu ni jambo ambalo hawezi kulifanya, na singependa alifanye. Kwa kuwa ana bafu lake, anakaa wiki nzima bila dhiki. Rafiki yangu Mwislamu wa South C anayeishi na wakwe zake aliniambia kwamba kwake bafu la lazima ni la chumba cha mke na mume, maana kuna kuoga kabla ya sala ya alfajiri ambako hakutakiwi kutangazwa sebuleni. Nakubaliana naye kabisa. Wanandoa wanaoishi na wakubwa wao wanahitaji mlango wao. Kwa hiyo kwangu ni mawili: la wazazi wenye nyumba, na la chumba cha chini.

Kuna mtu wa tatu ambaye ramani nyingi humsahau, na hili linaniuma. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye anayesugua mabafu hayo yote. Nimeona nyumba zenye mabafu manne ya kifahari ambazo chumba cha dada kina choo kisicho na taa na bomba la maji baridi tu, mwezi wa Julai, katika jiji lililo mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Kama una pesa ya bafu la ziada, mpe yeye maji ya moto kwanza.

Na maji ya moto yana hesabu yake. Shawa ya umeme hula takriban kilowati 5. Watu watatu wakifungua kila mmoja chumbani kwake saa kumi na moja na nusu asubuhi, ni kilowati 15 kwa pamoja, mzigo ambao umeme wa kawaida wa nyumbani haubebi kwa raha. Swichi zitaruka, au nyaya dhaifu zitapata moto. Kila shawa iwe na waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi, na fundi wa umeme mwenye leseni aiunganishe na ardhi. Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ya kwetu, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, kwa usalama wako.

Unayejenga ili uuze Kilimani au Kileleshwa, au upangishe chumba kimoja kimoja kwa watu wasiofahamiana, hesabu yako ni nyingine: wanunuzi na wapangaji wa huko wanaulizia bafu la chumbani, wape. Ila dalali asikutishe kwamba nyumba ya familia Ruai au Utawala haitauzika bila vyoo vitano. Mnunuzi wa huku huuliza maji na hati kwanza.

Ukishaamua idadi, mwambie mchoraji ayaweke mabafu yakipeana mgongo, na la juu likae juu ya la chini, ili bomba moja la inchi 4 liyahudumie yote na lisipite juu ya dari ya sebule. Kabla vigae havijawekwa, fundi apake dawa ya kuzuia maji sakafuni na sehemu ya chini ya ukuta, azibe tundu, ajaze maji, ayaache siku nzima. Panda ngazi ya fundi uitazame dari ya chini kwa macho yako. Akikwambia hakuna haja, msimamishe kazi hadi afanye.

Na kama bado roho inakuvuta kuweka bafu katika chumba cha watoto, usilijenge sasa. Mwambie fundi aache bomba la maji taka chini ya sakafu ya chumba hicho, lenye kizibo, na mabomba ya maji safi ukutani yaliyozibwa vivyo hivyo. Piga picha za mahali yalipopita kabla ya zege kumwagwa, uzihifadhi pamoja na ramani.