Re: Dada yangu hataki kupima saratani ya shingo ya kizazi, nifanyeje?

Pole mpendwa. Kwahiyo dada ana 38, anasema haumwi na hataki kuvuliwa nguo mbele ya daktari mwanaume. Anza na hilo la aibu, maana "siumwi" mara nyingi ni kisingizio tu. Kaulize kliniki siku ambayo nesi wa kike ndo anapima, na asiende akiwa hedhini. Mi nilivaa dera nikalipandisha tu basi, wanapaka siki na pamba wanasubiri kama dakika moja wanaangalia kama pana weupe, wakiona mabadiliko ya mwanzo mara nyingi wanayagandisha au wanayachoma kwa joto hapohapo bila kupasua. Halafu mwambie kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani hiyo, kinaweza kukaa miaka bila maumivu yoyote, akisubiri mpaka atoke damu baada ya tendo anaweza akawa kachelewa.