Mgonjwa anavuta sigara: je, ni kazi ya daktari wa meno?

SWALI: Nasomea udaktari wa meno hapa Nairobi, mwaka wa nne. Wenzangu wengi husema kazi yetu ni meno, sigara tuwaachie washauri nasaha. Wengine huhofia mgonjwa atakasirika asirudi tena. Mvutaji akija kung'olewa jino, nimwambie nini?
– Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Ni kazi yenu kabisa. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana fizi za mvutaji huvuja damu kidogo hata zikiwa na ugonjwa. Usipouliza, utazipima na kuziona nzima. Baada ya kung'oa pia, akivuta, donge la damu linalopaswa kuziba shimo huweza kung'oka, mfupa ukabaki wazi, na siku ya tatu hivi mgonjwa anarudi akilia na maumivu yanayopanda hadi sikioni.

Dakika tatu zinatosha. Muulize anatumia nini (taja ugoro, kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni), shisha na vifuko vya nikotini, maana wengi wakisikia "sigara" hujibu hapana), mara ngapi kwa siku, na ya kwanza huivuta muda gani baada ya kuamka. Jibu hilo la mwisho ndilo muhimu: akivuta kabla ya nusu saa kwisha, chingamu ya nikotini, ile ya kupunguza hamu ya kuvuta, ya miligramu 4 ndiyo itakayomfaa, vinginevyo ya 2.

Mfundishe kuitafuna, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama. Wakiitafuna kama chingamu ya kawaida, nikotini huishia tumboni, wanapata kwikwi na kichefuchefu, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Atafune polepole hadi ladha kali itokee, aiegeshe kati ya shavu na ufizi, ladha ikiisha atafune tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Kahawa na soda aziache dakika 15 kabla yake. Mwenye meno ya bandia, au aliyeng'olewa jino leo, mpe plasta ya ngozi: ya miligramu 21 kwa anayezidi sigara 10 kwa siku.

Upasuaji uliopangwa, aache wiki 4 kabla. Lakini aliyevimba shavu kwa usaha atibiwe siku hiyo hiyo. Tiba isigeuzwe adhabu. Huyo mwombe akae bila moshi angalau saa 72 baada ya matibabu.

Kuhusu hasira, kinachomuudhi mgonjwa ni kukaripiwa. Sema: "Kidonda hiki kitapona upesi usipovuta. Ungependa nikusaidie?" Akikataa, andika kwenye faili, umuulize tena safari ijayo. Akikubali, chagueni siku ya kuacha, mpe namba 1192 ya NACADA (mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya) ambayo haitozwi, na umpigie simu ndani ya siku tatu za kwanza, kwa kuwa hapo ndipo hamu humbana zaidi.