Kabla hamjawapa ardhi watu wa sola, someni hapa

Usisaini. Na kama wajumbe wenzako wa kamati ya ardhi wameshashika kalamu, wazuie.

Umeandika kwamba kampuni inataka kujenga shamba la sola la megawati 40, mwakilishi wake ameahidi kisima, zahanati, ajira za vijana na umeme kijiji kizima, na mkutano wa kupitisha ni wiki ijayo. Unauliza muombe kipi kwanza, kama mifugo itaruhusiwa kuingia, na umeme utafika lini. Hilo swali la kwanza ndilo limenifanya niache kazi zangu nikujibu, kwa sababu na sisi tulianzia hapohapo. Tulibishana usiku na mchana kipi kitangulie kati ya kisima na zahanati. Hakuna aliyesimama kuuliza ni nani hasa atakayedaiwa hivyo vitu.

Sikiliza biashara hii inavyokwenda. Anayekuja kijijini mwanzo, mara nyingi siye atakayeuza umeme kwa miaka 25. Kazi ya huyu wa kwanza ni kuandaa mradi: anatafuta ardhi tambarare iliyo karibu na laini ya msongo mkubwa, anafuatilia kibali cha mazingira, anaomba nafasi ya kuunganishwa kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, anahangaikia mkataba wa kuuza umeme. Kwa kila mradi husajiliwa kampuni yake ndogo, ambayo ndani haina kitu kingine zaidi ya mradi huo. Makaratasi yakikamilika, kampuni hiyo inauzwa kwa mwenye mtaji, naye ndiye anayejenga kwa mkopo wa benki. Ni utaratibu halali na upo dunia nzima. Shida ni kwamba mnunuzi hununua kilichoandikwa. Hotuba ya chini ya mti haimo kwenye mauzo.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Bwana yule alikuja na ramani na maneno matamu, akala na wazee, akajifunza majina ya watoto wao. Aliahidi kila kitu ulichokitaja wewe, kwa mpangilio uleule. Mkataba tuliousaini ulikuwa wa ardhi tu: mipaka, muda, kodi ya pango, haki ya kupitisha nyaya na barabara. Kisha kampuni ikauzwa, na tulijua siku walipokuja watu wengine wenye fulana za nembo nyingine kuweka uzio. Tulipowauliza kuhusu zahanati walikuwa waungwana kabisa. Walifungua faili, wakapitia ukurasa baada ya ukurasa mbele yetu, wakatuambia hakuna mahali palipoandikwa zahanati. Na kweli hapakuwa. Yule wa maneno matamu hapokei simu mpaka leo.

Lakini hasira zangu kubwa ziko kwa mwanasheria. Kampuni ilitwambia, "msihangaike, tutawalipia wakili wa kuwashauri." Tukashukuru! Mzee mmoja aliinuka akasema zahanati na kisima viandikwe, na wakili huyohuyo aliyeletwa kututetea akamjibu kwamba hayo ni mambo ya kijamii, hayakai kwenye mkataba wa ardhi, yatakuja kwenye "makubaliano ya ujirani mwema" baadaye. Mzee akakaa. Hayo makubaliano hayakuandikwa kamwe. Mtu aliyesoma sheria alijua fika kwamba kiambatisho cha kurasa mbili kingetosha, akamkalisha chini mzee aliyekuwa sahihi kuliko sisi sote. Sijamsamehe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja. Kila faida iwe ndani ya mkataba uleule wa ardhi, ipimwe kwa kitu kinachosomeka kwenye mita au kwenye hesabu za mauzo, na imfunge yeyote atakayemiliki mradi baadaye. Kwa nini mkataba wa ardhi? Kwa sababu benki haitoi mkopo mpaka ione mkataba wa ardhi umekaa sawa. Hiyo ndiyo karatasi pekee yenye sahihi yenu ambayo wanaihitaji kweli, na nguvu yenu inaishia dakika mnayoiachia. Ukitenganisha ahadi na ardhi, umebaki na barua ya kuomba fadhila.

Kuhusu kipimo, mtaambiwa mpokee asilimia ya faida. Kataeni, dai asilimia ya mapato. Kampuni ndogo ya mradi inaweza kuonyesha faida kidogo au sifuri kwa miaka mingi huku inalipa riba, ada za usimamizi na mikopo iliyotoka kwa wenye kampuni wenyewe. Mapato hayafichiki hivyo: umeme unapita kwenye mita, mnunuzi analipa ankara. Megawati 40 mahali penye jua zuri huzalisha takriban megawati-saa 70,000 kwa mwaka (megawati-saa moja ni uniti 1,000 za umeme), na hata kiasi kidogo kwa kila megawati-saa, kinachopanda na gharama za maisha, kinalipa mishahara ya wauguzi miaka yote. Zahanati ya kujengewa mara moja bila fedha za kuiendesha huishia kuwa jengo lenye kufuli.

Msidanganywe kwamba haya hayajawahi kufanyika popote. Afrika Kusini, kwenye mpango wake wa zabuni za umeme jadidifu, yaani wa jua, upepo na kadhalika, ulioanza mwaka 2011, iliweka masharti hayo kwenye zabuni zenyewe: jamii zilizo ndani ya kilomita 50 zipate angalau asilimia 2.5 ya umiliki, na angalau asilimia 1 ya mapato iende kwenye maendeleo ya jamii. Angalieni tofauti hata hapo. Hisa nyingi za jamii zilinunuliwa kwa mkopo, kwa hiyo gawio la miaka ya mwanzo lilikwenda kulipa deni, ilhali fungu la mapato lilianza kutoka mitambo ilipoanza kuuza umeme. Mkitakiwa kuchagua kati ya hisa na mapato, mnajua mimi nasimama wapi.

Na ardhi msiuze, pangisheni. Pavagada, jimbo la Karnataka nchini India, kuna shamba la sola la zaidi ya megawati 2,000 kwenye ekari takriban 13,000, na wakulima hawakuuza hata moja. Walikodisha kwa rupia 21,000 kwa ekari kwa mwaka, na kodi inapanda asilimia 5 kila baada ya miaka miwili. Ni ardhi ya ukame, wenye mashamba wengi waliona afadhali. Ila wasiokuwa na ardhi, waliokuwa wakiishi kwa vibarua kwenye mashamba hayohayo, na wafugaji waliokuwa wakichunga humo, hawakuwa na jina kwenye mkataba wowote, na kodi haikuwafikia. Hili lisemeni kwenye mkutano wenu kabla hamjagawana kitu. Sola hula takriban ekari 5 kwa megawati, yenu itakuwa kama ekari 200, na kuna mtu anakata kuni au anachunga humo sasa hivi ambaye hayumo kwenye kamati. Fungu la mapato liende kijiji kizima. Kodi iende kwa mwenye shamba. Msivichanganye.

Kuna mtego mwingine mdogo: kipindi cha kusubiri. Watawaomba ardhi "ishikiliwe" wakati wanatafuta vibali, na humo ndani hamruhusiwi kuongea na kampuni nyingine. Miaka inapita, hakuna paneli wala kodi. Wekeni tarehe ya mwisho, na malipo ya kushikilia kila mwaka tangu siku ya kwanza.

Ajira zipo, ila zijueni zilivyo. Wakati wa kujenga wanahitaji mamia ya watu wa kuchimba, kusimika nguzo, kufunga paneli na kuvuta nyaya. Mradi wa ukubwa wenu hujengwa kwa takriban mwaka mmoja, na ukishawaka wanabaki walinzi, wakata majani, wasafisha paneli na mafundi wachache. Hivyo dai kwenye kiambatisho mafunzo ya ufundi umeme kwa vijana kabla ujenzi haujaanza, ili watakaopewa mikataba ya kudumu wawe wa kwenu.

Umeme haufiki wenyewe. Unatoka kwenye mitambo, unapandishwa msongo na kuingia kwenye gridi, na laini inaweza kupita juu ya paa lako bila taa yako kuwaka. Kuwaletea ninyi kunahitaji transfoma ya kushusha na nguzo za usambazaji, na hiyo ni kazi ya shirika la umeme. Mwakilishi wa sola anayewaahidi umeme anaahidi kitu cha mwingine. Anachoweza kuandika ni kugharamia transfoma na nguzo, pamoja na barua ya shirika kukubali. Aiandike.

Mifugo: kondoo wanafaa sana, wanapunguza hata gharama ya kukata majani. Mbuzi watapanda juu ya paneli na kutafuna nyaya, kampuni itakataa na itakuwa na haki.

Mwisho wa mkataba pia msiuache wazi. Paneli, vyuma, zege na inveta (mashine za kugeuza umeme wa paneli uweze kuingia kwenye gridi) atazing'oa nani mwaka wa 25 au 30, kampuni ikiwa imefilisika? Dai dhamana ya benki ya kazi hiyo, ianze kuwekwa mapema wakati mradi bado unaingiza fedha.

Wiki ijayo usiende kupitisha. Nenda ukaombe rasimu ya mkataba iachwe kijijini, mkutano uahirishwe, na wakili atafutwe na kijiji chenyewe. Kama kampuni inataka kusaidia gharama zake, iweke fedha kwenye akaunti ya kijiji, wakili mumchague na mumlipe ninyi. Ukishaipata rasimu, tafuta kipengele kinachozungumzia uhamishaji wa haki na kuuzwa kwa kampuni, ukiweke hapa neno kwa neno, bila majina. Nitakisoma siku hiyohiyo.