Wembe Mmoja Unatosha: Nilivyopona Vipele vya Ndevu kwa Mashine ya Chuma

Kwa miaka kama sita nilikuwa naficha shingo yangu. Nilifunga kifungo cha juu cha shati hata mchana wa Oktoba, Dodoma ikiwa inawaka, kwa sababu chini ya kidevu vipele vilikuwa vimejipanga kama punje za mtama. Vingine vilikuwa na usaha, vingine vimekauka na kuacha alama nyeusi. Saluni niliyokuwa nakwenda walikuwa wananipitishia mashine ya umeme, halafu wembe mkavu wa kuchongea pembeni, halafu spiriti. Nikaihama, nikaanza kujinyoa nyumbani kwa zile za plastiki zenye nyembe tatu kwa pamoja. Vipele vikazidi.

Naandika kwa ajili ya mwanaume mwenye ndevu za kipilipili kama zangu, ambaye kila akinyoa anajuta. Sasa ni mwaka wa tatu natumia mashine ya chuma ya zamani, ile inayowekwa wembe mmoja wenye makali pande mbili, na shingo yangu imetulia. Nitakueleza nilivyoanza, na mambo niliyoyakosea mwanzoni ili wewe usiyarudie.

Wembe wenyewe sote tunaujua. Tumechongea penseli shuleni, mama zetu wametukatia kucha, na fundi cherehani yeyote pale Majengo anao pembeni ya mashine anafumulia mshono. Lakini ukimwambia kijana wa leo auweke wembe huohuo kooni, anakutazama mara mbili. Hofu hiyo ina msingi, maana wahenga walishasema mtoto akililia wembe mpe. Aliyenipa mimi ni baba mkwe.

Tulikuwa tumekwenda Kongwa kuhani msiba, tukalala. Asubuhi nikamkuta uani amesimama mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kwenye mwarobaini, beseni la maji ya moto juu ya kigoda, uso mzima povu. Ananyoa taratibu huku akisikiliza. Nasema akisikiliza kwa sababu wembe unaongea: ukikaa vizuri unatoa mkwaruzo mwembamba, mkavu, kama mtu anayepasua khanga mpya polepole. Ukikaa vibaya, unanyamaza na kuteleza tu, au unakwaruza ngozi kwa sauti nzito. Mpaka leo nikinyoa nazima redio.

Nilimsalimia, akaitazama shingo yangu, hakusema neno. Alipomaliza akaiosha mashine kwa maji ya moto na sabuni, akafungua wembe mpya mbele yangu, akauweka. "Wembe hauazimwi, hata kwa mwanao," akaniambia. Hili ulichukue kabla ya jingine lolote. Virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye damu kidogo sana usiyoiona, kwa hiyo kila mtu na wembe wake, na ukienda saluni mwambie kinyozi afungue mpya ukiwa unamwona.

Nikaanza kunyoa. Sikufika hata katikati ya shavu akanishika mkono. "Mwanangu, unalima au unanyoa? Legeza."

Kila kitu kiko hapo. Zile za plastiki ni nyepesi mno, kwa hiyo mkono umezoea kubonyeza. Mashine ya chuma ina uzito wake, na uzito huo ndio unaokata. Kazi ya mkono wako ni kuiongoza tu. Alinishikisha mwishoni mwa mpini kwa vidole vitatu, kama unavyoshika kalamu, ili hata nikitaka kubonyeza nisiweze. Ukijikuta umeukamata mpini kwa ngumi nzima, simama, pumua, anza upya.

Nilirudi Dodoma nikaanza kusoma kwa nini shingo yangu ilikuwa inateseka. Ndevu za kipilipili zinaota zikijikunja. Ukizikata, ncha inabaki na makali kama mkuki, na ikiendelea kukua inapinda na kuingia tena kwenye ngozi. Mwili unaiona kama mwiba, unaanza kupigana nayo, na ndipo kipele kinapotokea. Mashine ya nyembe nyingi inaongeza tatizo, kwani wembe wa kwanza unauvuta unywele juu kidogo, wa pili unaukata, na uliobaki unarudi chini ya usawa wa ngozi. Unajishika kidevu, laini kama yai. Baada ya siku mbili ncha inatafuta njia ya kutoka na haioni.

Mashine yenyewe ni ya siku nyingi. Mmarekani King Camp Gillette alianza kuiuza mwaka 1903 na kupata hataza yake, yaani haki ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1904, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza kwa askari wa Marekani. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoleta ya nyembe mbili pamoja mwaka 1971, na tangu hapo idadi imekuwa ikipanda. Ile ya baba mkwe, ukiitazama, haina tofauti kubwa na michoro ya mwanzo: kofia juu, sahani chini yake, mpini unaokaza kwa kuzungusha. Wembe unalala katikati, unapindishwa kidogo, na makali yanachungulia kidogo sana pande zote mbili.

Kwa anayeanza, tafuta hiyo ya vipande vitatu yenye ukingo ulionyooka, si ile yenye meno wazi kama kitana. Ya meno inafaa ndevu ndefu, ila inadai mkono uliozoea. Ishike dukani usikie uzito, uikaze uone kama wembe umekaa sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukichungulia zaidi ya mwingine, irudishe. Ukiwa na ndugu anayetoka Ulaya, Merkur ya Ujerumani, hasa ile fupi nene ya 34C, inasifiwa sana na wengi walioanza nayo. Lakini usisubiri hiyo. Mimi nilianza na ya kawaida ya duka la vipodozi, na bado ninayo.

Nyembe, nunua pakiti ndogo za aina mbili au tatu tofauti ujaribu. Mashavu ya watu hayafanani, wembe unaomfaa mwenzako unaweza kukuchubua wewe. Feather za Japani zinajulikana kwa ukali, mgeni aziache kwanza. Pakiti ya nyembe tano naipata kwa chini ya shilingi elfu moja, na wembe mmoja nanyolea mara nne. Mara ya tano unaanza kuvuta, na wembe unaovuta ndio unaokata watu kuliko ule mkali. Unapouweka, ushike kwenye ncha zile fupi zisizo na makali.

Sasa maji. Hapa wenzetu wa Dodoma tunahitaji kuelewana, maana maelekezo mengi ya kunyoa yameandikwa na watu wenye maji laini. Ninapoishi maji ya bomba ni ya chumvichumvi. Tazama ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe uliogandia chini ndio unaolinyima povu lako uhai. Miezi miwili ya kwanza povu langu lilikuwa linakuwa jepesi, linakauka shavuni kabla sijafika kidevuni, nikadhani sabuni ni mbovu. Dawa niliyoiona ni kuchemsha maji usiku, kuyaacha yatulie, na asubuhi kuchota ya juu taratibu bila kutibua chini. Kuchemsha kunapunguza sehemu ya ule ugumu. Masika yakija nakinga ya bati, na povu la maji ya mvua ni jambo jingine kabisa: zito, linang'aa, linasimama kama maziwa mgando. Kikombe kimoja kinatosha kunyoa, kwa hiyo hata ukitumia ya chupa hupati hasara.

Usitumie sabuni ya mche. Inakausha, na sisi upepo wetu wa Julai umeshatukausha vya kutosha. Tafuta krimu au sabuni ya kunyolea, na brashi ukiweza. Brashi inainua ndevu na kuzipaka povu hadi shinani, kazi ambayo vidole vinaifanya nusu. Oga kwanza, au weka taulo la maji ya moto usoni dakika mbili tatu. Unywele uliolowa unakatika kirahisi, mkavu ni kama waya.

Kabla ya kupaka chochote, pitisha kiganja usoni ujue ndevu zako zinaelekea wapi. Shavuni nyingi hushuka. Shingoni ni vurugu: zangu upande wa kulia zinapanda juu, kushoto zinalala kuelekea sikio. Kwa miaka yote nilikuwa nakwenda kinyume chake bila kujua. Fuata zinakoelekea, basi.

Weka kofia ya mashine shavuni, mpini ukiwa umetoka mbele kama tawi. Ushushe mpini polepole mpaka usikie wembe umegusa, na hapo simama. Ni kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, ila usihangaike na hesabu, sikio litakwambia. Vuta kidogo, urefu wa kama pingili moja ya kidole, inua, vuta tena. Suuza kila baada ya mivuto miwili mitatu, geuza upande. Usipitishe palipoisha povu. Na usiivute ngozi sana kwa mkono mwingine: ukiivuta na kukata, ukiiachia unywele unazama ndani, tumerudi kwenye vipele.

Wiki mbili za kwanza nilinyoa mashavu tu kwa mashine hii, shingo na kidevu nikaviachia mashine ya umeme. Nakushauri ufanye hivyo. Shavu ni uwanja, lakini kona ya taya na ule mwinuko wa koo vinahitaji mkono ulioiva. Kooni meza mate, ushikilie, ngozi inasogea na kulala, kisha pitisha kando ya ule mwinuko badala ya juu yake.

Na hapa ndipo watu wengi hawanielewi. Baada ya kupita mara moja utajishika na kukuta bado pana ukwaruzaji mdogo. Pengine utatamani kupita tena kwa kupandisha, ing'ae kama ya bwana harusi. Acha. Mtu mwenye ndevu za kipilipili anataka kubaki na hicho kidogo, kwa sababu unywele uliosimama juu ya ngozi hauwezi kujizika. Siku ya shughuli kubwa nitapaka povu upya na kupita kwa ubavu, lakini kinyume sipiti kamwe. Mke wangu alilalamika wiki ya kwanza kwamba nakwaruza. Wiki ya sita alinishika shingo akanyamaza muda mrefu, akasema, "Vimeisha kweli?"

Ukimaliza, maji ya baridi. Kisha shabu, hii hii wanayotumia watu kutuliza maji ya tope. Lowesha kipande, pitisha usoni, acha nusu dakika, suuza. Panapochoma ndipo ulipobonyeza, na kesho utapakumbuka. Shabu inakaza ngozi na kuzuia vijidamu. Spiriti nimeiacha, inachoma na kukausha bila faida niliyoiona. Mwisho, uso ukiwa bado na unyevu, glisirini iliyochanganywa na maji. Usiipake kavu, kwa hewa ya huku inaweza kuvuta maji kutoka kwenye ngozi yako mwenyewe.

Kama sasa hivi shingo imejaa vipele, usianze leo. Acha ndevu zikue wiki nne hivi, zile zilizozama zitoke zenyewe. Usichokonoe kwa sindano, mimi nilichokonoa na makovu mawili ninayo. Na kama ngozi yako ina tabia ya kuotesha makovu yanayovimba, yale manene yanayozidi ukubwa wa jeraha, basi wembe wa aina yoyote haukufai. Muone daktari wa ngozi, na punguza ndevu kwa mashine ya umeme bila kufikia ngozi. Najua nimeisifia mashine ya chuma kurasa nzima, lakini hilo nalisema kwa moyo wote.

Nanyoa Jumapili, Jumatano na Ijumaa jioni. Kila siku ni nyingi mno kwangu. Baada ya kunyoa nalegeza mpini, nasuuza, nakung'uta na kuacha ikauke. Wembe siufuti kwa taulo, unaharibika makali, na kidole hakiko mbali.

Nyembe zilizoisha usizitupe kwenye mfuko wa taka. Vijana wanaozoa taka mtaani wanaibeba ile mifuko kwa mikono mitupu, na kuna watoto wanaochakura majalalani. Kijijini watu walikuwa wanatupa kwenye choo cha shimo, lakini nyumba za kupanga mjini shimo linanyonywa na gari, kuna mtu anashika ule mpira. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikakata mwanya mwembamba kwenye mfuniko, na mfuniko wenyewe nikaugandisha pembeni kwa gundi. Liko juu ya kabati, mbali na wanangu. Miaka hii yote halijafika hata robo.